Jagi la Bi Mwajuma

Habari ya kifo cha Bi Tatu niliipata kwenye simu, nikiwa nachambua mchele. Ujumbe wenyewe mfupi, wa binti yake wa mwisho: mama ametutoka alfajiri, maziko leo alasiri. Niliinua kichwa nikakuta mume wangu ananitazama. "Nani?" akauliza. Nikamwambia Bi Tatu. "Bi Tatu yupi?" Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hii sijamsimulia. Mtu nimemzalia watoto, anajua mpaka kovu la mguuni nililipata wapi, lakini Bi Tatu hamjui. Nikamwambia, "Wa Kariakoo, wa zamani," nikaenda kuvaa baibui. Msibani nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu nikasikiliza wanavyomsifu: mcheshi, mkali, mdomo haupoi, sokoni hakuna asiyemjua. Yote kweli. Lakini hakuna aliyeutaja mwaka ule, na mimi sikufungua mdomo, maana msibani si mahali pa kuwafundisha watu marehemu wao. Nimerudi nyumbani na moyo mzito, nimeshindwa kulala, nimeshindwa kula, basi nimeona bora niandike.

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kunywesha watu. Nikisema hivyo wengine hucheka, wanadhani nilikuwa baamedi. Hapana. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nilikotoka si hadithi ya leo, nimeajiriwa kwenye kituo kimoja cha vipimo katikati ya Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la mabegi. Kituo kilikuwa na mashine ya CT scan, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakati ambapo mashine hizo hapa mjini zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mgonjwa wa kupimwa tumbo alitakiwa aje hajala tangu jana yake, akae kwenye chumba changu, anywe jagi zima la maji yaliyotiwa dawa, taratibu, kikombe baada ya kikombe, ndipo aingizwe kwenye mashine. Mwenye kituo alikuwa Daktari Hasmukh, Mhindu mzaliwa wa hapohapo Kariakoo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Siku yangu ya kwanza aliniambia: "Mwanaidi, fundi baiskeli akitaka kujua mpira umetoboka wapi anafanya nini? Anaujaza kwanza. Utumbo mtupu unajikunja, na kwenye picha huwezi kuutofautisha na uvimbe. Ukijaa maji haya unang'aa, tunaujua kwamba huu ni utumbo. Kile kisichong'aa ndicho tunachokitafuta." Nilielewa. Kazi ilikuwa kuwaelewesha wengine, kwa sababu kila aliyepanda ngazi zile aliamini anakwenda kunywa dawa ya kumponya. Ningewaambia mara kumi kwamba hii ni ya picha tu, haitibu, wangeitikia "ndiyo, tumeelewa," kisha mtu akimaliza kikombe cha mwisho anajishika tumbo na kusema, "Alhamdulillahi, naona nafuu."

Chumba kilikuwa kidogo. Viti vya plastiki vimepangwa ukutani, feni ya juu inayozunguka kwa kulalamika, pazia la kijani, na dirisha la mtaani. Dirisha ndilo lilikuwa adui yangu. Nikilifunga, joto linawaua watu; nikilifungua, zinaingia kelele za "mabegi, mabegi, bei ya kutupa!" na "pisha, pisha!" za wasukuma mikokoteni, na nyuma yake harufu ya chips na mishkaki kutoka kwa kijana wa pembeni ya duka. Watu wana njaa tangu jana, wanakunywa kitu kichungu, na huku nyama inachomwa chini yao. Dawa yenyewe niliionja siku ya kwanza nikajuta: chungu, nzito kidogo, ina harufu ya shamari, na ladha ya chuma inayobaki kwenye ulimi mpaka jioni. Daktari aliniruhusu kuichanganya na juisi ya machungwa, na mimi nikajifunza mengine mwenyewe. Nikaiweka kwenye friji, maana ya vuguvugu hainyweki. Nikaliweka jagi nyuma ya pazia, mgonjwa aone kikombe kilicho mkononi tu, asione mlima unaomngojea. Nikatafuta mirija. Nikajifunza kutomwambia mtu "jikaze," kwa sababu anayejikaza ndiye anayetapika. Na nikajifunza kuwaketisha wazee karibu na mlango, kwa kuwa choo kilikuwa kimoja na dawa ile haikuwa na adabu hata kidogo.

Lakini kuna jambo moja sikuliweza. Sisi mgonjwa wetu hatumwachi anywe peke yake. Ukimpelekea mtu uji kitandani, unakunywa funda moja kwanza aone, kisha unamwambia, "Haya, tunywe wote." Kumkalia mgonjwa mbele, wewe mikono mapajani, yeye anakunywa uchungu huku unamtazama, kwetu huo ni ukatili, ndivyo anavyofanya mama wa kambo kwenye hadithi. Basi waliowasindikiza wagonjwa kila siku walikuwa wananiomba: "Binti, na mimi nitilie kidogo, nimtie moyo mwenzangu." Nikawa nakataa. Wengine walikasirika, mama mmoja akaniambia sina malezi. Nilizoea. Nikawa nawaambia wote maneno yaleyale, kwamba jagi hili ni la mgonjwa na tumbo lake, asiguse mtu mwingine, na wengi walisikia.

Bi Mwajuma na Bi Tatu walikuja wakati wa masika, kanga zimelowa. Bi Mwajuma ndiye aliyekuwa mgonjwa: mrefu, mkimya, nguo zinamning'inia, mkono umeshika ubavu. Bi Tatu alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilifika juu kabla yake. "Shikamooni," nikawaambia. "Marahaba mwanangu," akajibu Bi Tatu, anahema. "Hizi ngazi mmeziweka za kuwachuja wagonjwa? Anayefika huku juu mnamwambia huumwi, rudi nyumbani?" Chumba kizima kilicheka, hata yule baba wa Kiarabu aliyekuwa amenuna kwenye kona tangu asubuhi. Nyuma yao alikuja Shabani, mtoto mkubwa wa Bi Mwajuma, wakala wa kutoa mizigo bandarini, shati jeupe, simu mbili. Alinieleza historia ya mama yake harakaharaka: maumivu ya tumbo, kukonda, hospitali wanashuku uvimbe, na daktari wa upasuaji hawezi kugusa kisu mpaka aone picha. "Tunaitegemea hii picha, dada," akasema. "Kama kuna cha kukata, wakikate sasa." Akambusu mama yake mkono, akawahi bandarini. Kwa maneno yao nilifahamu kwamba wale wanawake wawili wana meza moja ya nazi na viungo sokoni tangu ujana wao, wanafungua pamoja, wanafunga pamoja, na mchana wanakula sahani moja. Bi Mwajuma hakuwa na dada. Alikuwa na Tatu.

Kikombe cha kwanza Bi Mwajuma alikunywa vizuri. Cha pili alikunywa akiwa amefumba macho. Nilipompa cha tatu machozi yakamtoka, si kilio, machozi tu, na akamwambia mwenzake kwa sauti ndogo, "Shoga, siwezi." Bi Tatu akamfuta uso. Wakati huohuo yule baba wa Kiarabu akatapika, akatapika vibaya, miguuni kwangu na kwenye kiti cha jirani, nikakimbilia ndoo na dekio, nikamsafisha, nikampeleka akanawe, nikambembeleza aanze upya. Niliporudi nyuma ya pazia jagi la Bi Mwajuma lilikuwa tupu. "Kamaliza?" nikauliza. "Kamaliza," akasema Bi Tatu, anajifuta mdomo kwa pindo la kanga. Nilifurahi, nikampa mgonjwa hongera, naye akatazama chini. Alipoingizwa kwenye mashine, Bi Tatu alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu. Alipotoka akaniambia, "Choo chenu kizuri, nimekaa kama nimepanga." Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Wallahi, nilicheka.

Siku chache baadaye walirudi kuchukua majibu, safari hii na Shabani. Nikaitwa ofisini, nikawakuta wameketi. Daktari Hasmukh alikuwa amesimama mbele ya zile filamu zilizobandikwa kwenye taa, uso umebadilika, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku ile. "Mwanaidi, njoo hapa, tazama. Utumbo wote wa chini ni mtupu. Umejikusanya hapa, na katikati yake kuna kitu. Ni uvimbe? Ni utumbo? Nimpe nini daktari wa upasuaji, nimwambie akate akabahatishe? Jagi ulilimwaga wapi?" Nikasema sikumwaga, alimaliza. "Kumaliza gani huku? Nimekwambia mgonjwa akishindwa uniite. Kama kazi imekushinda sema, wapo wanaoitafuta." Mbele ya watu wote. Nikaona kazi inaondoka hivihivi. Ndipo Bi Tatu akainuka kwenye kiti. "Daktari, usimfokee mtoto wa watu," akasema. "Jagi nimelinywa mimi."

Shabani akageuka taratibu. "Umesemaje?" Bi Tatu hakukwepa macho yake. "Alikuwa analia, baba. Nikasema dawa si wingi, dawa ni kufika tumboni. Vikombe vya mwanzo kanywa mwenyewe. Vilivyobaki nimevinywa mimi, huyu binti alikuwa anahangaika na mgonjwa mwingine." Shabani akasimama, na kiti kikaanguka. "Mama yangu anaoza tumbo, wewe unamnywea kipimo? Una akili, Ma'Tatu, au unazo za sokoni tu?" "Shabani!" akasema Bi Mwajuma. "Mama, nyamaza!" Sikuwahi kumsikia mtoto mkubwa wa watu akimnyamazisha mama yake mbele ya wageni, na naona hata yeye alishtuka, kwa sababu alikiinua kiti akaketi, akajishika kichwa. Daktari naye alipoa. Akasema hakuna lililoharibika, tutarudia, aje wiki ijayo. Bi Tatu akabaki amesimama palepale, mikono imelegea, hajui akae wapi. Nilitaka kumshika mkono nikamshukuru. Nilimtazama tu.

Wiki iliyofuata mashine ikafa. Kipuri kikaagizwa nje, kikasubiriwa. Huko kwingine foleni ndefu, njoo mwezi ujao. Kila Shabani alipopiga simu nilikuwa namsikia kwenye spika ya Daktari: "Kama si yule mwanamke, saa hizi tungeshajua." Akaisema sentensi hiyo mpaka nikaijua kwa moyo. Mimi huwa nawaza sasa, nimekua, nimeuguza na nimezika, kwamba kijana yule alikuwa anaogopa tu. Lakini wakati ule nilimchukia, na sitaficha. Mchana mmoja nilipita sokoni, nikamkuta Bi Tatu mezani peke yake, anapanga mdalasini uliokwisha kupangwa. Hakunitania. Akaninunulia wali na samaki kwa mama ntilie, akanikalisha, yeye hakula. "Wamenizuia nisifike," akaniambia. "Nikienda, mke wa Shabani ananijibu mlangoni, mama amelala. Nikipiga simu anapokea Shabani, anakata. Anakula, mwanangu?" Nikamwambia sijui. "Hapendi ndizi. Wakimpikia ndizi hali, na hawezi kusema, ana haya yule. Ukimwona waambie wasimpikie ndizi." Kisha akamgeukia mteja wa nazi akaanza kubishana naye, na sauti ilikuwa ileile ya kila siku, mpaka nikashangaa anaitoa wapi.

Mashine ilipopona Bi Mwajuma aliletwa na mke wa Shabani, ambaye alikaa kwenye kiti cha koridoni na simu yake. Bi Mwajuma alikuwa amebaki macho. Nilimchagulia kiti cha dirishani, nikafunga dirisha, nikamwekea feni. Nilipomshikisha kikombe nilianza yale maneno yangu ya kubembeleza, akaninyanyulia kidole. "Usinihimize, mwanangu. Wala usinitazame. Niambie mambo ya watu." Basi nikamwambia. Nikamwambia habari za yule mwenye duka la mabegi chini, alivyomwajiri shemeji yake, na shemeji akauza begi lililokuwa na chakula cha mchana cha bosi ndani, biriani yote na pilipili yake, na mteja akarudi jioni kulalamika kwamba begi linanuka lakini biriani ilikuwa tamu. Bi Mwajuma alicheka bila sauti, mabega tu. Akameza. Nikamwambia ya mdada wa saluni na mganga, ya fundi wetu wa mashine na wachumba wake wawili waliogongana kwenye ngazi. Nyingine nilizitunga palepale, Mungu anisamehe. Kila nilipovuta pumzi alikuwa ananiambia, "Enhe, ikawaje?" na kikombe kinashuka. Katikati ya jagi akasimama kidogo, akafuta midomo. "Nilimwomba mimi," akasema. "Nani?" "Tatu. Siku ile. Nilimwambia shoga, kama unanipenda ninywee hiki. Tangu tuko wasichana hajawahi kuninyima kitu. Pale mbele ya daktari alijibebesha mwenyewe, hakunitaja." Nikamuuliza kama Shabani anajua. "Nimemwambia. Anasema namtetea. Mwanangu, mtu akishapata wa kumlaumu hamwachii. Akimwacha huyo, atabaki na ugonjwa wangu peke yake." Akanyoosha mkono nimpe kikombe kingine. Alilimaliza jagi lote, mwenyewe, na hakutapika hata tone.

Picha safari hii ilisomeka. Kile kitu kilikuwa uvimbe, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. Niliingia na maji ya kunywa wakati Daktari anamaliza kumweleza Shabani. Alikwisha kumwambia kwamba sasa hakuna cha kukata, na Shabani alikuwa anatikisa kichwa kidogokidogo, anafungua na kufunga simu. Kisha akauliza lile swali. "Daktari, tungejua siku ile ya kwanza, wangekata?" Daktari Hasmukh alivua miwani. Mimi nilikuwa nimesimama na trei, namwomba Mungu wangu na wake amtie maneno mazuri kinywani. Akasema, "Sijui." Nilimkasirikia kwa siku nyingi. Nilimfuata baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba isingesaidia. Akanijibu kwamba ugonjwa ule huenda ulikuwa kwenye ini siku nyingi, na huenda haukuwa, na yeye alikula kiapo cha kusema anachokijua. Leo naona hakukosea, lakini vilevile naona kwamba neno lile moja lilimfungia Bi Tatu mlango. Shabani alichukua bahasha ya filamu, akashuka ngazi, na kwake yeye "sijui" ilikuwa imeshageuka "ndiyo."

Bi Mwajuma alikuwa amenialika nikamtazame, nikawa nakwenda Buguruni kila Jumapili. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye koridoni, kitanda kimeinuliwa kwa matofali, neti imefungwa fundo, chupa ya uji wa lishe mezani ambao haunywi mtu, na ubani unaofukizwa ili kushindana na harufu. Niliwaambia kuhusu ndizi. Mke wa Shabani akanijibu, "Tangu lini hapendi ndizi?" lakini zikakoma. Kutoka uani tulikuwa tunasikia wanawake wakipika na kuzungumza kana kwamba ukuta ule ni wa zege nene: nani atalala na watoto ukifika msiba, turubai litafungwa upande gani, vyombo vya kuazima vitatoka wapi. Bi Mwajuma alikuwa anasikia yote. "Wanapanga vizuri," akaniambia mara moja. Alizidi kudhoofika, akawa hawezi kumeza ila kijiko. Jumapili ya mwisho nilimkuta na Bi Kidawa, jirani, mwosha maiti wa mtaa ule, mzee mkavu, mcha Mungu. Bi Mwajuma akatutazama wote wawili. "Muwe mashahidi," akasema. "Nikifa anioshe Tatu." Bi Kidawa akashtuka. "Tatu hajawahi kuosha maiti." "Utamwelekeza." "Mwajuma, kuna watu wa kazi hiyo, na hapa nyumbani unajua mambo yalivyo." "Najua. Ndiyo maana." Bi Kidawa akavuta pumzi. "Huu ni wasia?" "Ni wasia." Nikamuuliza, mimi na ujinga wangu, kwa nini asimwambie Shabani sasa, shoga yake aje amwone akiwa hai. Akafumba macho. "Nikimwambia leo atanibishia, na sina nguvu za kubishana. Nikifa hawezi kunibishia."

Alifariki siku ya kazi, asubuhi. Bi Kidawa alinipigia, nikamwomba Daktari ruhusa, na kabla ya kwenda Buguruni nilipita sokoni. Bi Tatu alikuwa anapasua nazi kwa mteja. Aliponiona nimevaa baibui saa zile, aliiweka ile nazi chini, maji yake yakamwagika kwenye meza. "Twende," nikamwambia. "Sitaingia, mwanangu. Shabani atanitoa mbele za watu, na mimi leo sitaweza kutolewa." "Umeitwa." Nikamwambia wasia. Alikaa juu ya gunia la nazi. "Mimi?" akasema. "Nimuoshe mimi? Mimi niliyemharibia?" Akapiga ukelele mmoja, wauzaji wa meza za jirani wakakimbilia, kisha akanyamaza, akafunga kanga kiunoni, akatangulia mbele yangu.

Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Shabani alisimama mlangoni akiwa na kanzu, macho mekundu. Alipomwona Bi Tatu akanyoosha mkono ukafunga njia. "Huyu hapana," akasema. Si kwa ukali, kwa kuchoka. Nilikuwa mdogo pale kuliko wote, na mdomo wangu mrefu ulinikimbia, lakini nikasema: kuna wasia, mimi ni shahidi. Bi Kidawa akatoka ndani na ndoo mkononi. "Na mimi wa pili," akasema. "Mama yako kasema aoshwe na Tatu. Nimemuuliza kama ni wasia, akasema ni wasia." Shabani akawa anatutazama mmojammoja kama mtu asiyesikia vizuri. Mjomba wake, mzee mmoja aliyekuwa benchi la mbele, akasema bila kuinuka, "Shabani. Wasia wa maiti hauvunjwi. Mpishe." Mkono ukashuka. Bi Tatu akapita, na alipompita alimwambia, "Pole, baba," naye Shabani akaegemeza paji la uso kwenye kizingiti akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Ndani walikuwa wametundika mashuka pande zote, mfuo wa kupokea maji ya kuoshea umeshachimbwa chini ya kitanda, maji ya majani ya mkunazi yako tayari. Tulikuwa watatu: Bi Kidawa anaelekeza, mimi namimina, Bi Tatu anaosha. Marehemu alisitiriwa kama inavyotakiwa, kitovuni mpaka magotini. Bi Tatu alijifunga kitambaa mkononi. Bi Kidawa akamwambia, sasa mwinue kidogo, umlaze mgongo wake kwenye goti lako, kisha upitishe mkono tumboni umkamue, polepole, kilichobaki kitoke. Hivyo ndivyo anavyofanyiwa kila maiti, sikuwa najua. Bi Tatu alimwinua mwenzake kwa urahisi, maana hakuwa na uzito tena, akamwegemeza kifuani pake. Mkono ukafika tumboni ukasimama. Tukamngojea. Bi Kidawa alitaka kusema neno nikamshika mkono asiseme. Bi Tatu akainamisha mdomo kwenye sikio la Bi Mwajuma, akamwambia kitu, kirefu, sauti ya chini, nami sikukisikia na sikutaka kukisikia. Kisha akakamua, taratibu sana, mara moja na ya pili, na yakatoka maji kidogo tu. Akayaosha. Akanitazama, uso umelowa wote. "Mimina, mwanangu," akasema, nikammiminia.